Ukungu wa Jicho la Kulia

Asubuhi za utotoni mwangu zilikuwa ndefu kuliko mchana na usiku vikiunganishwa. Wenzangu walikuwa wakiamka wanaruka kitandani kama panzi. Miye nilikuwa naamka kwa mafungu. Kwanza yaliamka macho, halafu shingo, halafu vidole kimoja kimoja, na magoti yakaja mwisho kabisa, kama wageni wakubwa wanaojua kuwa karamu haiwezi kuanza bila wao. Kati ya jicho la kwanza na goti la mwisho, mtu angeweza kulima shamba zima la muhogo hapa Kengeja, akalipanda na akalivuna.

Nilikuwa na miaka saba hivi. Goti la kushoto lilifura likawa kama tunda la shelisheli, likawa na joto lake peke yake, hata paka wa nyumbani akawa anakuja kulilalia. Vidole vilinenepa katikati, vikakataa kufunga ngumi. Sikuwa mtoto wa kulia sana. Maumivu yenyewe yalikuwa kama mtu anayezungumza chumba cha pili: unamsikia, humwelewi, wala hanyamazi.

Tulikuwa tunaishi watatu: Bibi mzaa mama, Mama na miye. Mama alikwenda shamba mapema, kwa hiyo kazi ya kuniamsha ilikuwa ya Bibi. Alichemsha maji, akayamimina kwenye beseni, akachovya vitambaa, akanifunga magoti na mikono. Mvuke ulipanda ukajaa chumba. Nikitazama juu, makuti ya paa yalikuwa yakiyeyuka polepole, na miye nikajiona nimelala chini kabisa ya bahari, maji ya uvuguvugu juu yangu, na Bibi ni pweza, kila mkono wake una kitambaa. Taratibu viungo vilikuwa vikilegea, kimoja kikimwambia mwenzake. Jua likigusa kizingiti nilikuwa nimekwisha kusimama. Ikifika adhuhuri nilikuwa nakimbizana na kuku, na kuku ndio waliochoka.

Hapo ndipo palipokuwa na matata. Majirani walioniona mchana hawakuamini habari za asubuhi. Wakasema mtoto huyu ana maradhi ya kukwepa kuchota maji, maana yanampata wakati wa kuchota na yanamwacha wakati wa kucheza. Wengine wakasema ni baridi yabisi, na baridi yabisi kwa Kengeja nzima ni mali ya wazee. Watoto wenzangu wakawa wakinipita barazani wananiamkia shikamoo, nami naitikia marahaba wajukuu zangu, fanyeni adabu. Aliyekereka ni Bibi. Umri wote ule hakuwahi kuumwa goti hata moja, halafu mjukuu anamtangulia uzeeni.

Nilikandwa. Mafuta ya makonyo ya karafuu niliyopakwa, laiti yangekusanywa, yangeendesha meli kwenda Unguja na kurudi. Nikikaa uani, wapita njia waliuliza kama karafuu zetu zimekwisha kukauka, na sisi hatukuwa na mkarafuu hata mmoja. Nilinyweshwa kombe pia, yale maandiko ya zafarani yaliyooshwa kwenye sahani nyeupe, nikalipenda kwa harufu yake ya marashi, nikawa naomba la pili. Goti lilisikiliza yote hayo kwa adabu. Halikujibu.

Nyumba ya jirani alipanga muuguzi kutoka bara, mama Mkristo aliyekuja na mumewe mwalimu wa skuli. Jumapili akivaa gauni lake la kanisani alipita kwetu kutuaga kama mtu anayesafiri mbali, na Bibi alimpenda kwa sababu alikuwa anacheka kabla mzaha haujaisha. Siku moja aliingia kuomba moto, akanikuta bado kitandani, kabla ya vitambaa. Akanishika goti, akaacha kucheka. Akajaribu kuninyoosha vidole, vikakataa. Akamwambia Bibi kwamba mtoto huyu si mvivu, asikandwe tena kwa nguvu, na yeye mwenyewe ndiye atakayetupeleka kwa daktari mjini.

Daktari alikuwa mtu mpole, sauti yake kama ya mtu anayebembeleza mtoto alale, na kwa kweli nusu ya maneno yake niliyasikia nikiwa nimesinzia mapajani mwa Mama. Alisema haya ni baridi yabisi ya watoto. Ipo, inawapata watoto duniani kote, bila ya kosa la mama wala husuda ya jirani. Askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, wamepotea njia, wanavipiga vita viungo vya mwenyewe. Habari za askari hao nilizielewa vizuri ukubwani, katika madarasa ya usiku, nilipokuwa nasoma tena kila kitu ambacho asubuhi zangu ziliniibia. Mwalimu alipofika kwenye kinga ya mwili nikanyoosha mkono, nikamwambia awaache hao, nawafahamu mmoja mmoja, nimelala nao kitanda kimoja miaka na miaka. Darasa lilicheka mpaka taa zikatikisika.

Basi daktari akatoa dawa. Akasema Bibi aendelee na maji ya moto, maana hilo amelifanya sawasawa, na Bibi akajinyoosha kitini kama aliyepewa cheo. Akasema nisiwekewe mto chini ya goti nikilala, ingawa ni raha, kwani goti litazoea kujikunja na kusahau kunyooka. Nifanye mazoezi kila siku, nicheze, nitembee. Halafu akaongeza jambo la mwisho. Nipelekwe kliniki ya macho, ambayo ilikuwa siku nyingine. Alieleza kuwa maradhi haya hupenda kuingia machoni kimyakimya: jicho haliwi jekundu, haliumi, na mtoto hasemi kitu, mpaka siku watu watakapogundua kuwa haoni, na siku hiyo huwa kumechelewa.

Bibi alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Njia nzima ya kurudi alikuwa akisema kuwa daktari ni mtu mzuri, ila amesoma mpaka akapitiliza nyumba. Mtoto anaumwa magoti, anataka kumtazama macho. Tukimpelekea mwenye jino bovu atamvua viatu. Mama alisema kwa sauti ndogo kwamba ni bora twende tu. Bibi akajibu kuwa kwanza tutampima wenyewe nyumbani, kipimo tunacho.

Kipimo kilikuwa juzuu yangu, kile kitabu chembamba cha chuoni ambacho watoto wote tulianzia kusoma dini.

Lazima nieleze chuo chetu kilivyokuwa. Kilikuwa ng'ambo ya uwanja, mkabala na dirisha la chumba changu. Asubuhi nilizoshindwa kunyanyuka, sauti za wenzangu zilivuka uwanja, zikaingia dirishani pamoja na mwanga wa kwanza, zikatua juu ya mvuke. Bi Mwalimu, mwanamke wa makamo aliyetufundisha, alisema neno moja, na watoto wote wakalirudisha, kama maji yanayokuja ufukweni na kurudi. Neno likaja, likarudi. Miye nimelala na vitambaa vyangu, midomo inafuata, macho yamefumba. Sikujua kuwa najifunza. Nilidhani naota, na kwamba kila mtoto wa Kengeja ana ndoto yenye sauti za watu.

Jioni nilizoweza kwenda, wenzangu walikaa mkekani wamekunja miguu, na miye, kwa sababu magoti hayakunjiki, nilipewa kiti cha mti. Nilikaa juu yao kama binti wa sultani. Juzuu ikawa mapajani, kidole kikatembea mstarini kutoka kulia, mdomo ukasema. Hivyo ndivyo nilivyoona wote wanafanya, na hakuna aliyeniambia kuwa kusoma kuna kitu kingine zaidi ya hapo. Nilijua mpaka neno ambalo likifika, ukurasa hugeuzwa.

Basi siku ile, baada ya sala ya alasiri, Bibi alinikalisha barazani, akanifungulia juzuu, akaniambia nisome. Jirani mmoja akaacha kukuna nazi ili asikilize. Nikasoma. Nilisoma kama mvua inayoshuka juu ya migomba, sikukwama, sikurudia, na Bibi mbele yangu alikuwa akinifuata kwa midomo neno kwa neno. Yeye naye sura hizo alizishika chuoni akiwa mdogo, na hakuwahi kusoma kitu kingine maisha yake yote. Kwa hiyo pale barazani tulikuwa watu wawili, kitabu kimoja katikati yetu, na hakuna aliyekuwa anakisoma.

Nilipomaliza Bibi alinishika kichwa kwa mikono miwili. "Macho ya mwewe haya," alimwambia Mama. "Magoti ndiyo ya kobe."

Habari za kliniki zikaishia hapo. Mama hakuwa mtu wa kubishana mbele ya mama yake, na kusema kweli kila aliyenisikia alikubali. Wiki ile Bibi alitangaza macho yangu kutoka Kengeja mpaka bandarini Mkoani.

Dawa ilifanya kazi yake polepole. Goti lilipungua, kutoka shelisheli likawa embe, kutoka embe likawa goti. Nikaanza kuota nikiwa nimesimama. Nasema kuota kwa sababu dunia yenyewe ilianza kubadilika sura, nami nilidhani ni zawadi ya kupona.

Kwanza ilikuwa taa. Taa ya ukumbini ilivaa pete, pete ya rangi ya maziwa, ikawa haina ncha. Halafu migomba nyuma ya nyumba ilianza kusimama ndani ya moshi, hata mchana, hata siku ambayo hakuna aliyewasha moto. Nilivumbua kuwa nikifumba jicho la kushoto moshi unazidi, nikifumba la kulia unapungua. Nikafurahi sana. Nikajua kuwa Mungu amempa kila mtu jicho moja la kazi na moja la ndoto, na la kulia ndilo la ndoto. Niliweza kukaa barazani muda mrefu nikibadilishana macho: kuku akawa kuku, halafu akawa wingu dogo linalodonoa, Mama akija kutoka shamba na mzigo wa muhogo akawa Mama, halafu akawa mnazi unaotembea. Vidoa vyeusi viliogelea hewani kama viluwiluwi, na nikawapa kila mmoja kazi yake. Hakuna kilichouma. Hakuna kilichokuwa chekundu. Wala sikumwambia mtu, kwa nini nimwambie mtu jambo ambalo kila mtu analo?

Baadaye, sijui ilikuwa lini, jicho la kazi nalo likaanza kuota kidogo.

Aliyegundua ni Bi Mwalimu. Juzuu za chuoni zilikuwa zimevalishwa majalada ya namna moja, ya kijani, na baada ya kufagia zilikuwa zikichanganyika. Jioni hiyo nilichukua moja, nikapanda kiti changu, zamu yangu ikafika, nikasoma. Bi Mwalimu alikuja kusimama nyuma yangu. Nikahisi kanga yake begani kwangu, nikadhani amevutiwa, nikaongeza mwendo. Niligeuza ukurasa mahali pake, kidole kikaanza upya mstari wa juu. Hakunikatisha. Alisubiri mpaka nikafika mwisho, akawaambia wenzangu watoke nje wakapunge upepo, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu chuo kile kijengwe.

Akachuchumaa mbele ya kiti. "Umesoma vizuri, mwanangu. Sasa niambie, hapa chini ya kidole chako pameandikwa nini?"

Nikamwambia pameandikwa hayo hayo niliyosoma.

"Hii si juzuu yako. Hizi ni sura ambazo hatujazifikia."

Nikatazama ukurasa. Ulikuwa kama ukurasa wowote: mchwa waliopita kwenye unga. Bi Mwalimu akalifunika jicho langu la kushoto kwa kiganja, akaniuliza kama namwona. Nikasema naona kanga.

"Na uso?"

"Uso haujafika."

Bi Mwalimu akaondoa kiganja. Halafu akanishika mkono akanivusha uwanja mpaka nyumbani, hakuninyanyua wala hakuniharakisha, na alipofika alimwambia Bibi kila kitu taratibu, kwa heshima, huku amekaa chini mkekani. Nilimtarajia Bibi abishe. Bibi hakubisha. Aliitazama juzuu ya kijani mkononi mwa Bi Mwalimu, akauliza kama na yeye anaweza kuwa amesoma hivyo siku zote. Bi Mwalimu akamwambia wengi wetu ndivyo tulivyosoma, Bi mkubwa, na sala zetu zinapokelewa. Lakini kliniki haipokei kisomo cha kukariri.

Kliniki ya macho ilikuwa na foleni ya kufika Makangale, ncha ya pili ya kisiwa. Tulikaa kwenye benchi nje ya mlango ulioachwa wazi, Bibi, Mama, miye, na yule jirani yetu muuguzi ambaye aliomba ruhusa kazini ili atupeleke. Ndani, daktari wa macho alikuwa amebandika ukutani karatasi ya alama zinazofanana na meza ndogo zenye miguu mitatu, zimegeuzwa huku na huku, kubwa juu na ndogo chini. Mgonjwa alitakiwa aseme miguu inaelekea wapi. Kila aliyeingia alijibu kwa sauti: juu, kulia, chini, kulia, kushoto. Mwingine akaja: juu, kulia, chini, kulia, kushoto.

Unajua tayari kilichotokea. Sikukusudia. Masikio yangu yalikuwa yamezoea kulala wazi. Zamu yangu ilipokaribia nilikuwa nimeihifadhi karatasi nzima kutoka juu mpaka chini, na ningeweza kuisoma kwa mahadhi. Na nilikuwa na sababu. Mzee mmoja kwenye benchi alikuwa amesimulia kwamba humo ndani jicho lisiloona hung'olewa, mtu akawekewa la mbuzi, na kuwa yeye anamfahamu mtu kama huyo, sasa anatafuna mikeka. Watu walicheka. Miye sikucheka. Nilijua kuwa nikisema juu, kulia, chini, nitatoka na macho yangu mawili, tutarudi Kengeja, na Bibi atatangaza tena kuwa ni ya mwewe.

Nikaingia. Daktari alikuwa mwanamke kijana aliyefunga mtandio wa buluu, au wa kijani, sikuweza kujua. Akanifunika jicho la kushoto, akaelekeza fimbo ukutani. Mbele yangu palikuwa na weupe, weupe mzuri, mpana, kama asubuhi ya ukungu juu ya mikoko. Sikuona karatasi. Sikuona fimbo. Neno la kwanza lilikuwa tayari ulimini. Nyuma yangu nilimsikia Bibi akivuta pumzi, na midomo yake, nilijua bila ya kugeuka, ilikuwa tayari kunifuata. Naye alikuwa ameishika karatasi nzima kutoka kwenye benchi.

"Sioni," nikasema.

"Hata hii kubwa ya juu?"

"Hata hiyo."

Bibi akauliza kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Hata ile kubwa kabisa, mjukuu wangu?"

"Hata ile kubwa, Bibi."

Hakuna aliyeningʼoa kitu. Daktari alinikalisha kwenye mashine, nikaweka kidevu, ukaja mwanga mwembamba kama uzi wa dhahabu, ukapita jichoni kutoka upande huu hadi ule. Kwa mara ya kwanza nikaona ukungu wangu ukiwa na nuru ndani yake, vumbi la nyota linaelea, na nikamwambia daktari kuwa ni pazuri. Akasema anajua, naye analiona, ila hilo vumbi linaloelea ni la uvimbe, ndani ya jicho kumefura kama goti lilivyofura. Jicho la kulia limechelewa, atajaribu kuokoa kinachookoka. La kushoto limewahi. Mama alikaa chini sakafuni pale pale. Yule muuguzi akamwekea mkono begani, na hakucheka mpaka tukafika nyumbani.

Nikaanza matone. Matone ya asubuhi, ya adhuhuri, ya alasiri, ya magharibi. Nilitiwa matone mpaka nikawa naona aibu mbele ya mvua. Mengine yalipanua mboni, na mwanga ukawa unamwagika ndani kama maziwa yaliyochemka. Dawa ya viungo nayo ikabadilishwa ikawa kali zaidi, ya mara moja kwa wiki, na siku yake nilikuwa nachafukwa moyo hata nikitajiwa wali. Sikwenda skuli mwaka ule. Bi Mwalimu alinikalisha mkekani siku magoti yalipokubali, akaanza kunifundisha herufi upya, moja moja, nikiwa na miaka ambayo wenzangu walikuwa wanageuza kurasa.

Na Bibi akaanzisha kliniki yake. Kila siku, baada ya vitambaa na matone, alinifunika jicho la kushoto kwa kiganja chenye harufu ya moshi, akainua kitu mbele yangu, akauliza naona nini. Hakurudia kitu kimoja siku mbili mfululizo. Alikuwa akizunguka nyumba nzima kutafuta kitu ambacho siwezi kukijua kwa mazoea: kifungo, ganda la ndizi, kiatu cha Mama, siku moja kuku mzima aliyepiga kelele akaharibu mtihani. Nikikosa hakukasirika. Nikikisia, ndipo alipokasirika. "Weye usinisomee," alikuwa akisema. "Niambie unachokiona tu."

Asubuhi moja ya msimu wa mvua aliinua kitu karibu sana. Nilitazama kwa jicho la kulia, nikatulia, nikaacha ukungu usogee unakotaka. Katikati ya weupe palikuwa na weupe mwingine, mzito zaidi, mviringo, umesimama peke yake.

"Sijui ni nini, Bibi. Ni cheupe."

"Cheupe tu?"

"Cheupe tu. Ila kina mwisho, pande zote."

Mvua ilikuwa inasinzia juu ya makuti. Bibi akaondoa kiganja kwenye jicho langu la kushoto, nikaona mkono wake, mikunjo yote ya mkono wake, na ndani yake yai la kuku, na hata unyoya mdogo wa kahawia uliogandia ubavuni. Akalivunja kwenye kikaango, tukala pamoja.